Mtoto Anataka Kwenda Darajani kwa Baiskeli

Barua inayotuongoza leo imetoka kwa mama mmoja mkazi wa Nyakato, jijini Mwanza, nami nimeisoma mara tatu kabla ya kushika kalamu. Anaeleza kwamba mwanawe wa kiume mwenye umri wa miaka 14 amekata shauri, yeye na wenziwe wawili, kwenda Kigongo kwa baiskeli siku ya Jumapili ili wakalione daraja kubwa ambalo mpaka sasa wameliona katika picha tu. Baba mtu amekwisha kutoa ruhusa. Hoja yake ni kwamba yeye, alipokuwa na umri huo huko kwao Magu, alikuwa akifunga furushi la pamba kwenye karia ya baiskeli ya mzee wake na kulipeleka kuuzwa peke yake, wala hakuna aliyemlilia. Mama hapati usingizi. Anamalizia kwa kuuliza: "Je, mimi ni mwoga tu, au ninayo haki ya kumkatalia mtoto?"

Nitajibu bila ya kuzunguka. Baba ana haki katika habari ya miguu ya mtoto, na mama ana haki katika habari ya barabara. Miguu ya kijana wa miaka 14 yaweza kufika Kigongo na kurudi. Barabara ya Kigongo ndiyo isiyomfaa, walau kwa safari ya kwanza, na walau akiwa na watoto wenziwe tu. Lakini kukataa peke yake nako si malezi. Mtoto aliyekatazwa bila ya kuonyeshwa njia nyingine, ipo siku ataondoka bila ya kuaga, na hiyo ndiyo safari ya kuogopwa zaidi. Basi na tuzitazame njia zenyewe.

Kabla ya hapo sina budi kumtetea baba, maana katika Usukuma baiskeli haikuwa kitu cha mchezo. Katika miaka ya 1950 wakulima wa pamba walijiunga katika vyama vyao vya ushirika, na mwaka 1955 vyama hivyo vikaungana katika shirikisho la Victoria chini ya uongozi wa Ndugu Paul Bomani. Fedha ya pamba ikaingia vijijini, na kimojawapo cha vitu alivyovinunua mkulima, baada ya ng'ombe na mabati ya nyumba, kilikuwa baiskeli. Juu ya karia yake ilipakiwa pamba, ukapakiwa mkaa, akapakiwa mgonjwa, na akapakiwa bibi harusi pia. Ilisuguliwa mpaka ikang'aa, ikaviringishiwa vitambaa kwenye fremu, ikafungwa kengele ambayo mlio wake ulijulikana na kijiji kizima. Ikaja Swala, iliyotengenezwa hapa hapa nchini. Ikaja na Phoenix kutoka China. Hata sasa, pikipiki zilipokwisha kuenea kila pembe, ukisimama kando ya barabara ya Kisesa alfajiri utawaona wachuuzi wa maziwa na wa mkaa wakiingia mjini kwa magurudumu mawili, migongo imejikunja, hawasemi na mtu.

Kwa hiyo baba anaposema kwamba baiskeli ilimfanya kuwa mwanamume, hasemi uongo. Asichokizingatia ni kwamba njia aliyoipita yeye na pamba yake ilikuwa njia ya vumbi yenye mashimo, na lori moja moja lililokuwa likienda kwa mwendo wa kujikokota. Vumbi lilimwonya mapema kwamba gari linakuja. Lami haitoi vumbi. Gari linakufikia kwa nyuma kabla ya sauti yake, hasa upepo ukiwa unavuma usoni.

Sasa tumfuate kijana wetu njia nzima. Kutoka Nyakato atashika barabara ya Nyerere hadi Mabatini, ambako watu, mikokoteni, bajaji na mabasi vyote vinagombea upana ule ule mmoja. Ataingia mjini, kisha atashika barabara ya Kenyatta kuelekea kusini: Igogo, Mkuyuni, Butimba. Hapa ndipo jiji la miamba linapojionyesha kwa uzuri wake wote. Mkono wa kushoto kuna vilima vya mawe, nyumba zimepandana juu yake kama vikapu sokoni. Mkono wa kulia kuna reli na ziwa. Ni mahali pazuri mno kwa macho, na kwa sababu hiyo hiyo ni mahali pabaya kwa mwendesha baiskeli mchanga, kwa kuwa barabara imebanwa baina ya jiwe na maji na macho yake yatakuwa ziwani. Baada ya hapo ni Nyegezi, penye kituo cha mabasi ya mikoani, ambako basi hutoka likiwa na haraka ya safari yake yote. Akipita Buhongwa barabara inafunguka, na magari nayo yanafunguka mwendo. Usagara njia zinagawanyika: moja inakwenda Misungwi na Shinyanga, nyingine inakwenda Kigongo, ufukoni mwa ghuba.

Kwa hesabu yangu ni kama kilomita 70 kwenda na kurudi. Mtoto mwenye baiskeli nzito isiyo na gia hukanyaga kilomita 12, labda 15, kwa saa moja, na huo ni mwendo wa asubuhi, wakati miguu bado ina nguvu. Maana yake ni kwamba atakaa juu ya tandiko saa tano hadi sita, mbali na muda wa kupumzika na wa kulishangaa daraja. Akiondoka saa moja asubuhi, atakuwa njiani akirudi wakati wa jua kali na wa upepo.

Kuhusu upepo huo, naomba mnivumilie niueleze kidogo, kwa sababu wazazi wengi wanaohesabu kilomita hawauhesabu. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji. Hewa ya nchi kavu hupanda juu, na hewa baridi ya ziwani huja kushika nafasi yake. Ndiyo maana asubuhi na mapema Mwanza huwa shwari, na kadiri jua linavyopanda upepo huanza kutoka ziwani na kuingia nchi kavu. Sasa angalia ramani: ziwa liko kaskazini na magharibi mwetu, nasi tukienda Kigongo au Kisesa tunalipa jiji kisogo. Kwenda ni asubuhi, hakuna upepo wa kutisha. Kurudi ni mchana, nao unakupiga kifuani. Kwa mtu mzima hiyo ni adha. Kwa mtoto aliyekwisha kutumia nguvu zake zote za kwenda, ni pale anapoanza kuyumba, na mtoto anayeyumba kandokando ya lori ndiye anayemkosesha mama yake usingizi.

Hayo sikuyasoma kitabuni. Miaka mingi iliyopita nilikuwa nikirudi Mwanza kutoka Magu, mchana, upepo ukinikabili, nami nimeinamisha kichwa kwa uchovu. Basi moja lilipiga honi nyuma yangu, karibu kabisa, nami kwa kushtuka nikaelekeza usukani kushoto. Ukingo wa lami hapo ulikuwa juu ya udongo kwa kiasi cha kiganja. Gurudumu la mbele lilishuka, nikalazimisha kulirudisha juu, likakataa, nikaanguka upande wa barabara na si upande wa majani. Basi lilikuwa limekwisha kupita. Kama lingekuwa na lingine nyuma yake, ukurasa huu ungeandikwa na mtu mwingine. Kovu la kiwiko ninalo hata leo. Basi mfundisheni mtoto jambo hili moja kabla ya mengine yote: akisukumwa nje ya lami, asijaribu kurudi juu akiwa kwenye mwendo. Ashuke kabisa udongoni, asimame, kisha ainyanyue baiskeli yake kwa mikono.

Tena barabara ya Kigongo imebadilika. Zamani, wakati wa vivuko, magari yalitoka Kigongo kwa mafungu: kivuko kilishusha, likaja kundi la magari, kisha kimya, mpaka kivuko kingine. Mwendesha baiskeli mzoefu aliweza kuliacha kundi lipite akiwa chini ya mti. Tangu Daraja la J.P. Magufuli lilipofunguliwa na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 19 Juni 2025, hakuna mafungu tena. Malori ya Geita, ya Sengerema na ya Bukoba yanapita mfululizo, mchana na usiku. Hiyo ni neema kwa taifa. Nani asiyekumbuka foleni za Busisi, wagonjwa wakisubiri kivuko ilhali ng'ambo inaonekana kwa macho? Lakini neema ya lori si lazima iwe neema ya baiskeli.

Sasa mama ataniuliza: "Basi mtoto aende wapi?" Jibu langu ni kwamba aende darajani, lakini iwe safari ya tatu.

Safari ya kwanza na iwe ya kujifunza mlima. Kutoka Nyakato apande Buswelu, ashike njia ya Kiseke hadi Sabasaba, kisha arudi kwa njia hiyo hiyo. Ina vilima vya kutosha kumwonyesha mtoto kwamba kupanda si kazi ya ubabe. Anayeanza kilima kwa kishindo humaliza akisukuma, na anayekianza polepole humpita huyo karibu na kilele bila ya kumsemesha. Kushuka ndiko kwenye hatari. Nyingi ya baiskeli zetu kubwa zina breki za vyuma na rimu za chuma, na raba ya breki ikikutana na rimu ya chuma iliyolowa huteleza kama sabuni. Mvua ikimkuta kilimani, na ashuke atembee. Wenziwe wakimcheka, watacheka kwa muda mfupi.

Akiimudu hiyo, safari ya pili na iwe Bujora. Kutoka Nyakato mpaka Kisesa ni kilomita kumi na kidogo, kupitia Igoma, kisha unaiacha barabara kuu na kupanda njia ya kilimani. Sitaficha kwamba hiyo nayo ni barabara kuu iendayo Musoma na mpaka wa Sirari, na ina magari yake. Faida yake ni kwamba ni fupi, na ukiondoka mapema siku ya Jumapili unarudi kabla ya upepo kuanza. Bujora ndiko iliko makumbusho ya Wasukuma, aliyoianzisha Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada, aliyependa ngoma na desturi za watu aliokuja kuwahubiria. Mtoto ataona ngoma za watemi, ataona kanisa lililojengwa kwa umbo la msonge, na ataelezwa habari za Bagika na Bagalu, vikundi viwili vya wacheza ngoma ambavyo kila mwaka, katika sikukuu ya Bulabo, hushindana kuvuta watazamaji, na wengine hucheza na chatu shingoni. Baba akiwa Msukuma wa Magu, hapo ndipo atakapopata la kumweleza mwanawe kuliko hadithi ya pamba peke yake.

Ipo pia njia ya ufukoni, ya kupita uwanja wa ndege hadi Igombe, nami naipenda kuliko zote kwa familia nzima. Kule utayaona mashua ya wavuvi, utaona dagaa wakianikwa mchangani, utanunua sato mbichi na kumfunga kwenye karia. Ila nina onyo moja kali. Mtoto akifika ufukoni akiwa na jasho, jambo la kwanza atakalotaka ni kuvua viatu na kuingia majini. Asiingie. Katika maji yaliyotulia yenye matete na konokono kuna kichocho, na ugonjwa huu katika fuko za ziwa letu si hadithi ya kuwatishia watoto. Vijidudu vyake hupenya ngozi bila ya maumivu, na madhara huonekana baada ya muda mrefu, mtoto amekwisha kuisahau ile safari. Aende na maji ya kunawa kutoka nyumbani, pamoja na yale ya kunywa.

Ndipo ije safari ya tatu, ile ya darajani, na hapa nina neno na baba. Ndugu yangu, uliipakia pamba, uliifikisha, sote tunakuheshimu. Basi nenda naye. Azima baiskeli kama huna. Wewe ukae nyuma na watoto watatu watangulie mbele yako kwa mstari mmoja, upande wa kushoto, kila mmoja akiacha nafasi ya baiskeli mbili kati yake na mwenziwe. Aliye nyuma ndiye anayeonekana kwanza na dereva, naye huyo anapaswa kuwa mtu mzima mwenye shati la rangi kali. Ili kupunguza barabara, hakuna aibu kuzipandisha baiskeli juu ya gari hadi Usagara na kuanzia hapo. Mtoto atakuwa amefika Kigongo kwa miguu yake, na wala hatakuwa amepita Mabatini wala Nyegezi. Mkifika, fuateni alama na maelekezo ya wasimamizi, na msimame pembeni, si barabarani, kutazama. Daraja lenyewe lina urefu wa kilomita 3 juu ya maji. Mwacheni mtoto alitazame mpaka atosheke, maana ujenzi wake ulianza mwaka 2020, alipokuwa bado mdogo sana, na ni kitu cha kizazi chake.

Huenda msomaji mmoja anasema moyoni kwamba nimeandika mengi juu ya hadhari ya mtoto na hapana neno juu ya wajenzi wa barabara. Hapana, ninalo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 nchi ya Uholanzi, ambayo leo tunaisifu kwa baiskeli zake, ilikuwa ikizika watoto wengi mno waliogongwa na magari. Katika mwaka 1971 pekee walikufa zaidi ya 400. Wazazi hawakuwafungia watoto ndani. Walitoka barabarani, wakaunda chama, wakakipa jina lisilo na haya: Komesheni Mauaji ya Watoto. Njia za baiskeli za nchi ile hazikuletwa na tabia njema za madereva, zilidaiwa na akina mama kama huyu wa Nyakato. Mwanza inapanuliwa barabara zake, na kila inapopanuliwa ni haki ya mwananchi kuuliza, katika mkutano wa mtaa wake na mbele ya diwani wake, upana wa baiskeli uko wapi. Kipande cha lami cha mita moja na nusu, kilichotengwa na magari kwa ukingo wa zege, kati ya Igoma na Buhongwa kwa kupitia mjini, kingewafaa wachuuzi wa maziwa kila siku na watoto wetu kila Jumapili.

Jambo jingine dogo. Katika barua nzima sikuona ametajwa binti, ingawa mama anasema ana watoto wanne. Mashindano ya baiskeli ya Vodacom yaliyokuwa yakifanyika hapa Mwanza yalikuwa na mbio za wanawake na za watu wenye ulemavu, na wanawake wa kanda hii walikanyaga kilomita nyingi mbele ya umati uliokuwa ukiwashangilia. Ikiwa kuna binti nyumbani anayejua kuendesha, sioni kwa nini abaki akiosha vyombo wakati kaka yake akienda Bujora.

Mama, umeniuliza kama unayo haki ya kukataa. Kwa Jumapili hii unayo, nami naomba uitumie. Lakini usitamke neno "hapana" peke yake. Mwambie tarehe ya safari ya kwanza. Jumamosi jioni mpelekeni kwa fundi, akaze breki, abadilishe raba zilizokwisha, atazame spoku na mnyororo, na mtoto asimame hapo akitazama ili siku nyingine aifanye kazi hiyo mwenyewe. Mnunulieni kioo chekundu cha nyuma, pampu na viraka. Huku kwetu jua huchomoza karibu na saa 12.45, likichelewa kuliko Dar es Salaam, basi asiondoke kabla ya hapo; giza la alfajiri lina madereva wasiolala tangu jana. Mfungie viazi vitamu vilivyochemshwa na chumvi kidogo, chupa mbili za maji, na nauli ya kurudi ndani ya soksi, ili akichoka asione haya kupanda gari. Na akirudi akiwa na vumbi mpaka kwenye kope, kabla hujamuuliza alichelewa wapi, mpe kwanza maji ya kuoga, kisha mwache asimulie.